Mawese ya Mwandiga na Hukumu ya Chakula

Mwandiga ni mji mdogo wa soko ulio kaskazini-mashariki ya Kigoma, mahali ambapo hushikwa barabara ya kwendea Manyovu na mpaka wa Burundi. Michikichi imeota katika mabonde na mashamba ya nchi ile, na mafuta yake, yaitwayo mawese, huuzwa katika madumu na chupa, mekundu mfano wa udongo wa vilimani. Ni shida kupata jiko katika Kigoma na Ujiji lisiloyajua mafuta haya. Maharage hupikwa kwayo, na kisamvu, na dagaa, na migebuka. Hata hivyo, mtu akitaka kujua kama mawese ni chakula chema au kibaya, atapata majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yatatoka kwa wataalamu. Mmoja atasema ya kuwa ni mabaya, kwa sababu karibu nusu yake ni mafuta ya namna ile ya samli na shahamu, ambayo huongeza lehemu katika damu na kuudhuru moyo. Wa pili atasema ya kuwa ni mema, kwa sababu wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mtoto akiikosa vitamini hiyo macho yake huharibika, na maradhi madogo humwua upesi. Wote wawili wamesema kweli. Yafaa basi kutazama jinsi hukumu hizi zilivyopatikana, maana kila moja ina tarehe yake na mahali pake, na nyingi katika hizo zilitolewa mbali sana na ziwa Tanganyika.

Asili ya mchikichi ni Afrika ya Magharibi. Kutoka huko ulifuata misitu na mito ya Kongo hata ukafika mwambao wa ziwa. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji katika mwezi wa Februari mwaka 1858 waliukuta, na Burton aliyataja mawese miongoni mwa mazao ya nchi ile katika kitabu chake kilichopigwa chapa London mwaka 1860. Ujiji ya siku zile ilikuwa soko la watu wa kila namna: Wajiji na Waha wenye nchi, watu wa kutoka ng'ambo, Waswahili na Waarabu waliopanda kutoka pwani. Hawa wa pwani walikuwa wamelelewa kwa tui la nazi, na kama wangeulizwa wangaliweza kulisifu tui na kuyadharau mawese kwa ajili ya harufu yake. Lakini mafuta ya nazi yana sehemu kubwa zaidi ya namna ile igandayo kuliko mawese, yapata mara moja na nusu au zaidi, wala hayana karotini. Wali wa nazi umeliwa pwani karne nyingi, na haikuandikwa na mtu ya kuwa Lamu na Unguja ziliangamia kwa ugonjwa wa moyo.

Wakati mawese yalipokuwa mboga na taa Ujiji, katika Ulaya yalikuwa sabuni. Meli ziliyachukua kutoka Afrika ya Magharibi mpaka Liverpool, yakafanywa sabuni na mishumaa na mafuta ya kulainisha mitambo. Mwaka 1911 William Lever, mwenye viwanda vya sabuni, alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji akapewa michikichi ya Kongo katika maeneo makubwa mno, na mateso waliyoyapata wachumaji wa mikungu ile ni habari nyingine yenye uchungu wake. Baadaye mafuta yale yale yalitakiwa pia kwa siagi ya bandia iitwayo majarini. Hapo wekundu ukawa aibu, kwa sababu mnunuzi wa London alitaka kitu kinachofanana na siagi ya ng'ombe. Viwanda viliyang'arisha mawese mpaka yakawa meupe, na karotini ikapotea humo. Kisha mwaka 1940, vita vilipokuwa vimepamba moto, serikali ya Uingereza iliamuru majarini itiwe vitamini A na D. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya rangi kilirudishwa kwa ajili ya afya, na gharama zote mbili alilipa mnunuzi.

Elimu ya lishe ilipoingia Afrika ya Mashariki ilikuja na hamu kubwa ya kupima na kulinganisha. Uchunguzi uliopata sifa kuliko wote ni ule wa John Boyd Orr na John Gilks, uliotolewa mwaka 1931, juu ya Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Wamasai walikula maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikula zaidi nafaka, viazi na kunde. Mizani ilionyesha ya kuwa mwanamume wa Kimasai alimpita mwenzake wa Kikikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Watu wengi waliosikia habari hii waliondoka na neno moja tu, kwamba maziwa na nyama ni chakula chema na mahindi ni chakula duni. Lakini waandishi wenyewe walikuwa wamesema zaidi ya hayo. Walikuta maradhi kwa pande zote mbili: vidonda na magonjwa ya kifua yalizidi kwa Wakikuyu, na maumivu ya viungo na kufunga choo kwa Wamasai. Tena Wakikuyu wale walikuwa watu ambao sehemu ya ardhi yao ilikuwa imechukuliwa na walowezi, na vijana wao walikuwa wakienda kufanya kazi za mshahara ili walipe kodi. Kuulaumu unga wa mahindi peke yake kwa udhaifu wa watu katika hali hiyo ni sawa na kuilaumu jembe kwa ukame.

Miaka thelathini na mitatu baadaye Wamasai wale wale, safari hii wa upande wa Tanganyika, waliwasumbua wataalamu kwa njia nyingine. Ilikuwa imekwisha kusadikiwa Marekani ya kuwa mafuta ya wanyama ndiyo yaletayo ugonjwa wa moyo. Daktari George Mann na wenzake waliwapima wanaume 400 wa Kimasai, watu walioishi kwa maziwa yenye mafuta mengi, na katika mwaka 1964 walitoa habari kwamba lehemu katika damu yao ilikuwa kidogo na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa haba sana. Mwaka 1972 walitoa habari ya pili, ya maiti waliopasuliwa: mishipa ya Wamasai ilikuwa na utando wa mafuta kama ya Wamarekani wazee, ila ilikuwa imepanuka, na damu ilipita. Je, ni mwendo wao mrefu nyuma ya ng'ombe, ni damu ya ukoo, ni uchache wa jumla ya chakula chao? Mabishano hayakwisha. Lililo dhahiri ni kwamba maziwa hayakuwa na tabia moja kwa mtu anayetembea kutwa nzima na kwa mtu anayeketi ofisini.

Tanzania iliyojitawala ilirithi mambo haya na ikayafanya yake. Mwaka 1973 Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria, na mwaka huo huo redio iliwakusanya watu vijijini kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ilifuata Chakula ni Uhai. Hizi zilikuwa kazi kubwa na za heshima. Watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza ya kuwa kukonda na kuvimba kwa mtoto aliyeachishwa ziwa hakutokani na laana. Darasani palifundishwa makundi matatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kuulinda mwili. Mafunzo haya yalikuwa mepesi kukumbukwa, na ndiyo fadhila yake. Udhaifu wake ni kwamba kila chakula kilitakiwa kiingie katika chumba kimoja na mlango ufungwe. Mafuta yaliwekwa penye kutia nguvu. Mawese nayo, kwa kuwa ni mafuta, yalikaa hapo pamoja na mafuta meupe ya kopo, ijapokuwa kwa wekundu wake yangestahili kukaa pia pamoja na karoti na mapapai. Hata wataalamu wakubwa walinaswa na vyumba hivi. Kwa miaka mingi mashirika ya dunia yalihubiri ya kuwa upungufu mkuu wa watoto wa nchi maskini ni protini, mpaka mwaka 1974 Donald McLaren, daktari aliyewahi kufanya utafiti Tanganyika, alipoandika katika jarida la Lancet kwamba jambo hilo lilikuwa kosa kubwa, na kwamba watoto wengi walipungukiwa na chakula chote kwa jumla.

Hapana chakula kinachoonyesha ugumu wa jambo hili kama muhogo. Ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno katika pwani ya Kongo, na ukaenea bara. Watawala wa Kiingereza katika Tanganyika waliwaamrisha watu waulime kwa hofu ya njaa, kwa sababu hustahimili ukame na hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe. Na papo hapo wataalamu wa lishe waliudharau kwa kuwa protini yake ni haba. Tena aina zake chungu zina sumu ya sianidi. Katika mwaka 1938 Trolli, daktari wa Kongo ya Wabelgiji, alieleza ugonjwa wa kupooza miguu ambao wenyeji waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 kaskazini ya Msumbiji, na mwaka 1985 ulitokea Tarime, Tanzania. Aliyekuwa mzima alilala, akaamka, au akaenda safari ndefu, na miguu ikakataa. Hakupata kupona kabisa tena maishani mwake.

Je, muhogo ni sumu? Mamilioni ya watu huula kila siku bila ya kupooza, na watu wa mwambao wa Kigoma wamo. Waliochunguza walikuta mambo mawili yamekutana. La kwanza ni haraka. Muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa hata ulainike, kisha huanikwa juani, na kwa kazi hiyo sumu karibu yote hutoka. Njaa ilipobana, au wachuuzi walipoutaka unga upesi, siku zilipunguzwa. La pili ni ukavu wa sahani. Mwili wenyewe huiondoa sianidi ndogo ndogo kwa kutumia salfa inayotoka katika protini, na waliopatwa na konzo walikuwa wakila ugali wa muhogo siku nyingi bila samaki wala nyama, wala hata maharage ya kutosha.

Sasa itazamwe sahani ya kawaida ya Mwandiga: ugali wa muhogo, dagaa wa ziwa waliokaushwa mchangani, na kisamvu, ambacho wengi huko hukiita sombe, kilichotiwa mawese. Ikisomwa kwa vyeti, kila kitu humo kina kasoro. Ugali hauna protini. Kisamvu kina sumu ya muhogo. Mawese yanaganda katika mishipa. Dagaa, kama wametiwa chumvi, huongeza shinikizo la damu. Ikisomwa kama sahani, mambo hubadilika. Dagaa huleta protini yenye salfa, yaani kile kile mwili unachokihitaji ili uimalize sianidi iliyobaki katika ugali. Kisamvu hutwangwa kwenye kinu kabla ya kupikwa, na kule kutwanga huyapasua majani na kuiachia sumu iondoke, kisha huchemshwa muda mrefu hewa yake itoke. Kisamvu kina karotini yake, lakini karotini huchukuliwa vibaya na tumbo lisilo na mafuta. Majani yaliyochemshwa kwa maji matupu hupita na kuacha faida ndogo. Mawese ndiyo yanayoibeba karotini ya kisamvu na kuongeza yake. Waliobuni upishi huu hawakuwa na maabara, wala haifai kuwasingizia ya kuwa walijua habari za vitamini. Walijua ladha, walijua kipi humdhuru mtu na baada ya siku ngapi, na maarifa hayo yaliwafaa.

Wala sahani hii si sawa kwa kila mtu. Mtoto wa miaka miwili, ambaye tumbo lake ni dogo na hamu yake ya kukua ni kubwa, hufaidika na kijiko cha mawese katika uji wake, kwa nguvu na kwa macho. Baba yake mwenye miaka sitini, aliyeacha jembe na kuketi dukani, mwenye damu iliyopanda, akimiminiwa mafuta hayo hayo kila siku kwa ukarimu wa mwanawe, anaweza kudhurika. Huyo wa kwanza na huyu wa pili hula katika sinia moja.

Chumvi nayo imepitia hukumu mbili. Katika Uvinza, mashariki ya Kigoma, chumvi imepikwa kwa maji ya chemchemi tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nayo ilisafiri mbali sana kabla ya misafara ya pembe za ndovu. Leo daktari huwaonya watu wasiizidishe, na onyo hilo ni la haki. Lakini serikali ilipotaka kupambana na rovu na udumavu wa akili kwa watoto waliozaliwa na mama wasio na madini joto, katika miaka ya 1990 ilichagua kuyatia madini hayo katika chumvi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyofika katika kila nyumba. Mtu aliyeiacha kabisa kwa kuwa ni mbaya angeikosa dawa iliyowekwa humo.

Haitakuwa haki kuyatetea mawese kwa kuificha hoja ya upande wa pili. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, ilibadili mafuta ya kupikia yaliyouzwa kwa bei ya serikali. Mchanganyiko uliokuwa zaidi wa mafuta ya mchikichi ukawa zaidi wa soya. Baada ya miaka mitano lehemu katika damu za watu ilikuwa imeshuka sana, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilihesabiwa kuwa ni matokeo ya mafuta. Huo ni ushahidi wenye uzito. Ila yatazamwe mafuta yenyewe: yalikuwa ya kiwandani, yasiyo na wekundu, na watu wa kisiwa kile walikuwa wameacha kufa kwa upungufu na kuanza kufa kwa kisukari na moyo. Kilichofaa Mauritius mwaka 1987 kilijibu ugonjwa wa Mauritius.

Marekani ilitoa funzo la kinyume. Mwaka 1988 tajiri mmoja wa Omaha, Phil Sokolof, aliyepona ugonjwa wa moyo, alitoa fedha zake magazetini kuyashambulia mafuta ya nazi na ya mchikichi kwa maneno makali sana. Viwanda vya biskuti viliogopa, vikayaacha, na vingi vikatia badala yake mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa hewa ya haidrojeni, ambayo wakati ule yalihesabiwa kuwa mazuri. Miaka miwili tu baadaye wachunguzi wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha ya kuwa mafuta yale yaliyogandishwa yaliongeza lehemu mbaya na kuipunguza ile njema, jambo ambalo hata samli haifanyi. Serikali ya Marekani iliamua mwaka 2015 yaondolewe katika vyakula. Katika viwanda vingi mahali pake pakachukuliwa tena na mafuta ya mchikichi. Cheti kilikuwa kimezunguka mpaka kikarudi mlangoni kilipotokea.

Mkanganyiko mwingine ni wa jina. Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya Bogor, Java, na kwa sehemu kubwa mashamba ya Indonesia na Malaysia ni kizazi chake. Mafuta ya mashamba hayo husafishwa kwa moto mkali, hupoteza rangi na harufu, nayo ndiyo yajazayo maduka ya Afrika ya Mashariki. Kwa mwandishi wa vyeti haya na mawese ya Mwandiga ni kitu kimoja. Kwa mpishi ni vitu viwili. Hata mawese yenyewe si ya namna moja. Mikungu ikikaa siku nyingi baada ya kukatwa, chikichi huchacha na mafuta huwa makali. Yakiachwa chunguni mpaka yafuke moshi ili harufu ipungue, wekundu hufifia na karotini huenda pamoja nao. Kwa hiyo mtu aweza kununua mawese mema na kula mafuta matupu, kwa kosa la dakika chache mekoni.

Uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha ya kuwa takriban theluthi moja ya watoto wadogo wa Tanzania walipungukiwa na vitamini A. Serikali ilitunga kanuni mwaka 2011, na mwaka 2013 ilizindua mpango wa kuongeza virutubishi katika unga na mafuta ya kupikia yanayotoka viwandani. Mafuta yalipangiwa vitamini A. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha Kigoma juhudi ya kuufufua mchikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Mpango wa kwanza ulihesabiwa na watu wa afya, wa pili na watu wa kilimo, na hoja kubwa ya huu wa pili ilikuwa fedha nyingi zinazotumika kuagiza mafuta kutoka nje. Mafuta meupe yaliyoongezwa vitamini husafirishwa kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200, yakafika Mwandiga na kuwekwa juu ya meza moja na mawese yaliyokamuliwa karibu na soko hilo hilo.